Nungwi au Paje kwa fungate?
Dada, umeuliza hoteli ya kifahari ya fungate Zanzibar, Nungwi au Paje. Inategemea mnapenda nini. Paje maji yakikupwa, yamekupwa kweli: bahari inakimbilia kule mwambani, mnabaki kuwatazama akina mama wakiinama kwenye mwani. Kwa wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na kaiti (tiara kubwa) ndiyo pepo yao, hasa msimu wa upepo wa kusi. Nungwi na jirani yake Kendwa mnaogelea karibu saa zote, ila usiku muziki haulali. Mimi ningelipia kisiwa kidogo cha Chumbe: nyumba saba tu za makuti, matumbawe hapo hapo mbele. Hakuna kiyoyozi wala bwawa, kwa hiyo kama bwana hawezi joto, muulize kabla hujalipa!