Kwa wanaoanza jikoni: kitunguu maji kwanza, thomu baadaye

Mwanangu uliyeingia jikoni mwezi huu, umepewa kisu na gunia la vitunguu, na pengine unaona umedharauliwa. Nami nilianzia hapohapo, kwenye mapishi ya harusi huku mtaa wa Langoni, Lamu, na hadi leo nikionja pilau ya mtu, kitu cha kwanza ninachokijua ni alivyovifanya vitunguu vyake.

Noa kisu. Kisu butu hukiponda kitunguu, na kadiri kinavyopondeka ndivyo ule ukali uchomao macho unavyotoka kwa wingi. Kata vyembamba na vilingane, kwani vinene na vyembamba vikiingia karai moja, hivi vimeungua na vile bado vibichi.

Wengi wanaoanza hudhani rangi ya pilau hutoka kwenye bizari. Hapana, hutoka kwa kitunguu. Sehemu kubwa ya kitunguu ni maji, na mpaka yale maji yakauke ndipo sukari iliyomo hugeuka kahawia. Kwa hiyo mwanzoni utaona vinalainika tu na kutoa mvuke, hata dakika 10 zipite. Hapo ndipo vijana huongeza makaa kwenye seredani. Nakusihi usiongeze! Moto ukizidi, kingo huungua na ndani kukabaki kweupe, na pilau hutoka nyeusi yenye uchungu. Geuza kwa mwiko, usiondoke.

Vya biriani vina njia yake: mafuta mengi, yaliyopata moto sawasawa, wala usivitie chumvi, maana itavitoa maji vilegee. Viopoe vikiwa rangi ya dhahabu, kabla hujaona vimetosha, kwa sababu vitaendelea kuiva hata vikiwa nje ya karai. Vitandaze kwenye sinia, usivirundike. Kilo nzima itakuwa viganja vichache tu, basi menya vingi.

Thomu, yaani kitunguu saumu, hungoja. Ikishapondwa huungua kwa muda mfupi sana, na ikiungua haina dawa. Mwaka wangu wa pili niliitia karaini pamoja na vitunguu maji, kisha nikatoka kupokea mizigo ya punda mlangoni. Niliporudi ilikuwa nyeusi, nami nikaendelea kwa kuogopa kusema. Uchungu ule haukuondoka kwa ndimu wala kwa tui. Tulimwaga mchuzi wote tukaanza upya, wageni wameshakaa. Ukiunguza, sema mapema, ukiwa bado hujatia nyama.

Kwa hiyo tia thomu na tangawizi wakati kitunguu maji kimeshageuka rangi, koroga mpaka harufu ipande, kisha tia nyama au nyanya. Punje nzima haina harufu kubwa. Harufu huzaliwa inapopondwa. Ponda kinuni na chumvi kidogo, isaidie kusaga na punje zisirukeruke. Kwa samaki wa kupaka, thomu mbichi hiyohiyo, na tangawizi, pilipili na ndimu, apakwe kabla hajawekwa juu ya makaa, akae ashike. Tui zito huja baadaye.

Kitunguu cha kachumbari kifikiche kwa chumvi, kioshe mara mbili, kikamue. Basi.

Vitunguu vyetu huvuka maji kutoka Mokowe, upande wa bara, na hewa ya hapa ina unyevu. Vitoe guniani siku hiyohiyo, vitandaze penye upepo, mbali na viazi, na vilivyoanza kulainika vitumike kwanza. Wakati wa masika vichambue kila siku, maana kimoja kikioza huambukiza jirani zake.

Na mafuta uliyokaangia vitunguu vya biriani usiyamwage. Yachuje, mengine yarudi kwenye masala ya biriani hiyo, yatakayobaki yatie chupani. Kesho yake chukua kijiko kimoja uungie mbaazi za nazi, halafu uonje.