Soma kwanza karatasi ya hukumu

Mliuliza: aliyemaliza adhabu nchini Marekani aombeje msamaha ili arudishiwe haki zake?

Kabla ya fomu, aangalie ni mahakama ipi iliyomhukumu. Rais husamehe makosa ya sheria za shirikisho, yaani za serikali kuu ya nchi nzima, na ya wilaya ya mji mkuu, basi. Kesi ya jimbo hupelekwa kwa gavana, au kwa bodi kama kule Georgia. Ombi likienda mlango usio wake, muda umepotea bure, na inauma kwa sababu jibu lilikuwa juu kabisa ya karatasi ya hukumu. Kama kiu yake ni kura tu, huenda asihitaji msamaha: Maine na Vermont hata mfungwa hupiga kura, na majimbo mengi humrudishia haki hiyo akishatoka.

Kwa kesi ya shirikisho, kanuni inataka miaka 5 ipite tangu atoke kifungoni, au tangu ahukumiwe kama hakufungwa. Aliye bado chini ya uangalizi avute subira. Ombi halilipiwi, hupelekwa kwenye ofisi ya misamaha ya Wizara ya Sheria pamoja na ushuhuda wa maandishi wa watu 3 wanaomjua vizuri, wasiwe ndugu wala wakwe. Nao lazima wawe wanaijua hukumu yake. Jirani anayemsifu mtu bila kujua kwamba aliwahi kufungwa hamsaidii.

Panapoharibika zaidi ni kuficha. Fomu inauliza kila mara aliyokamatwa, hata kesi ikifutwa. Inauliza kodi na madeni yasiyolipwa. FBI, wapelelezi wa serikali kuu, huweza kuchunguza yote hayo. Ulevi kwenye usukani wa miaka 20 iliyopita, ukielezwa, ni jambo dogo. Ukifichwa, ni uongo wa leo. Na anapolieleza kosa lenyewe, asiifufue kesi. Anayeomba msamaha huku akilaumu wenzake anaonekana hajajuta.

Akikataliwa hakuna rufaa. Anaweza kuomba tena baada ya miaka 2. Akikubaliwa, hukumu haifutiki: fomu ya kazi ikiuliza, ajibu ndiyo, kisha aseme alisamehewa.

Asiye raia ajihadhari zaidi. Msamaha kamili usio na masharti, wa rais au wa gavana, unaweza kuondoa baadhi ya sababu za kufukuzwa nchini, lakini si zile za dawa za kulevya, silaha au ukatili wa nyumbani. Huyu aanzie kwa mwanasheria wa uhamiaji, kabla hajaandika neno kwenye fomu.