Kampuni kubwa za mawakili husaidia mtu wa kawaida kweli? Nimekuwa klaki miaka 14, wacha niseme nilichoona

Nimesoma swali la ndugu aliyeandika juu ya shangazi yake wa Githurai, ati amefiwa na mzee wake, yaani mume, ndugu za mzee wameanza kuzungukazunguka ploti, na mtu amemshauri aende kwa ile aina ya kampuni kubwa ya mawakili yenye ofisi Nairobi, Nakuru na Mombasa, inayofanya kila kitu kuanzia mikataba ya mabenki mpaka talaka. Sasa anauliza kama hizo ofisi husaidia watu wa kawaida ama zile kliniki zao za bure za ushauri wa sheria ni za kupiga picha tu. Mimi ni klaki kwa ofisi ya namna hiyo, iko Upper Hill, na jina sitalitaja. Nimepanga foleni kwa rejista za korti za Milimani, Makadara na Kibera tangu zamani, kabla kufaili kwa mtandao kuanze hapa Nairobi Julai 2020, kwa hivyo nitajibu kwa urefu kidogo mnivumilie.

Zinasaidia. Lakini inategemea sana venye hiyo kazi ya bure imepangwa ndani ya ofisi, na hapo nimeona mazuri na mabaya.

Nianze na mabaya juu yananiuma bado. Kuna mwaka tulienda kufanya kliniki kwa uwanja wa shule huko Eastlands, hema, tisheti, maji ya chupa, mawakili wengi tu. Watu walijaa mpaka kila mmoja anapata kama dakika tano, anaulizwa shida, anaambiwa kesi yako ni nzuri mama, tafuta wakili. Na wakili ndiye huyo amekaa mbele yake! Jumatatu mzee mmoja akaja mpaka ofisini, amepanda matatu mbili, ameshika kikaratasi chenye jina la wakili limeandikwa kwa kalamu. Askari wa mlangoni akamwambia huyo wakili yuko kortini na wewe huna apointimenti, rudi siku nyingine. Nilimpita hapo mlangoni nikiwa na mafaili mkononi, nilikuwa nimechelewa menshen, yaani kutajwa kwa kesi kortini, ya saa tatu, sikusimama. Hakurudi tena. Nimewahi kujaribu kumtafuta lakini hata jina lake kamili hatukuwa tumeandika popote.

Hiyo stori nilimwambia mmoja wa mawakili wakuu pale ofisini, mama fulani mkali lakini mwenye roho, naye akaipeleka kwa mkutano. Kilichobadilika ni kitu kidogo sana ukikisikia, ati kesi ya bure inafunguliwa faili kama ya benki, inapewa nambari, inaandikwa jina la wakili mwenye hiyo kesi na klaki wake, na inasomwa kwa mkutano wa kila Jumatatu pamoja na zingine. Watu wakipunguka kwa kliniki si shida, tukachukua watu 15 badala ya mia, lakini hao 15 tunaenda nao mpaka mwisho. Tangu hapo ndio nimeanza kuiheshimu hiyo kazi.

Wacha niwape mfano mmoja nilioubeba kwa mkono wangu, nimebadilisha vitu vidogo ili mwenyewe asijulikane. Mama anauza mitumba Gikomba, mume alikuwa bawabu kwa kampuni ya ulinzi, akafariki kwa ugonjwa. Waliacha ploti Ruai yenye vyumba vya kupangisha, watoto watatu. Matanga hayajaisha hata wiki, shemeji yake akaanza kukusanya kodi kwa wapangaji akisema ni mali ya ukoo. Mama alikuja na makaratasi kwa pakiti ya unga, ameikunja vizuri akaifunga na raba bendi, cheti cha kifo, ID ya marehemu, risiti za ploti, slipu za mshahara za miaka yote hiyo. Kijana aliyekuwa akifanya ile miezi 6 ya mafunzo ya uwakili kwetu akaanza kuyapanga mezani moja moja na mama anamwambia pole pole mwanangu, hiyo ndio imebaki.

Sasa hapa ndio ofisi inayofanya kila kitu inasaidia, na watu hawaoni hii. Shida ya huyo mama ilionekana moja lakini zilikuwa tano. Kuna mirathi yenyewe, ile watu huita sakseshoni. Kuna shemeji, ambaye kusema kweli alikuwa anavunja sheria, kwa sababu kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kushika mali ya marehemu bila ruhusa ya korti, na ni kosa la jinai. Kuna mwajiri ambaye hakuwa amelipa mshahara wa mwezi wa mwisho na siku za likizo, na kuna pesa za NSSF, ile hazina ya akiba ya wafanyakazi, za warithi. Halafu ploti yenyewe haikuwa na taito, ilikuwa na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi. Angeenda kwa wakili mmoja wa mtaani angesaidiwa sakseshoni basi, zingine angeambiwa atafute mwingine. Kwetu yule wa familia alishika mirathi, wa mambo ya kazi akaandika barua moja kwa mwajiri na pesa zikatoka ndani ya wiki chache, wa ardhi akaenda na mama mpaka ofisi za ile kampuni kuangalia rejista ya wanachama. Shemeji aliandikiwa barua yenye hicho kifungu cha 45 ndani, na mwezi uliofuata wapangaji wakaanza kumlipa mama.

Kitu kilikaribia kuharibu kila kitu ni barua ya chifu, ile inayoiambia korti warithi ni kina nani. Ilikuwa imetaja watoto wawili. Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya ndoa na shemeji ndiye aliyemtembelea chifu kwanza. Tungefaili hivyo, kesho keshokutwa huyo mtoto ama mtu mwingine anaomba korti ifute ile granti, yaani hati ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, chini ya kifungu cha 76 kwa sababu kuna mrithi alifichwa, mnarudi mwanzo. Nilirudi na mama kwa chifu mara tatu mpaka barua ikaandikwa upya na majina yote matatu. Mara tatu, na hakuna mtu angelipia huo muda, na hakuna aliyeniuliza mbona sijaenda Milimani. Hiyo ndio naita kusaidia jamii.

Baada ya hapo ni kungoja. Tulifaili Makadara kwa sababu thamani ya mali ilikuwa chini ya ile mahakimu wanaruhusiwa, na hakimu mkuu anaweza kusikiza mpaka milioni 20, si lazima kila kitu kiende Hai Kot. Tangazo likatoka kwa gazeti la serikali, siku 30 za mtu kupinga, granti, halafu miezi 6 kabla ya kuomba ithibitishwe. Yote kwa jumla ilichukua mwaka na zaidi. Mama alikuwa anapiga simu kila Ijumaa jioni na kila Ijumaa nilikuwa namjibu hata kama sina jipya, juu nilijua mtu akinyamaziwa wiki mbili anaenda kwa broka wa hapo nje ya korti.

Kuna mambo mawili lazima shangazi ajue kabla hajaingia kwa hizo ofisi kubwa. La kwanza, wakikuuliza majina ya kila mtu unayezozana naye kabla hata hawajasikiza stori yako, usikasirike. Wanaangalia kama huyo mwingine ni klayenti wao. Tuliwahi kukataa kesi ya wapangaji wa mtaa mmoja wa mabanda, watu walikuwa na haki kabisa, lakini aliyekuwa anawafukuza alikuwa klayenti wetu wa miaka. Niliumia lakini sheria ni hiyo, huwezi kukaa pande mbili. Ukikataliwa hivyo uliza wakuelekeze, na ofisi nzuri haitakuacha mlangoni. Sisi tuliwapeleka Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria ambalo linafanya hiyo kazi tangu 1973, na kama ni mambo ya mama na watoto kuna FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, tangu 1985. Serikali pia ina huduma yake ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016, na kila mwaka chama cha mawakili, LSK, huwa na wiki ya kutoa ushauri bure kortini.

La pili ni pesa. Ukiambiwa ni bure, uliza bure ni nini. Ada ya wakili inaweza kuwa bure lakini ada za korti, za gazeti na za upekuzi wa ardhi ziko palepale, mwambie akuandikie nani analipa. Na mtu akikwambia usilipe sasa, tukishinda tutakata asilimia fulani, tafadhali toka hapo. Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano ya kulipwa ukishinda tu. Hata kupunguza ada chini ya ile iliyowekwa ni kosa, ndio maana ofisi yenye heshima itakwambia wazi kama inachukua kazi yako bure ama kwa ada ya kawaida, haitakuletea bei ya kupatana kama ya Gikomba. Halafu angalia jina lake kwa orodha ya LSK uone kama ana cheti cha mwaka huu, zinaisha kila Desemba 31. Ni kitu cha dakika mbili na simu yako.

Kwa wale wengine walioandika juu ya madeni na kazi za mjengo ambazo hawakulipwa, kama ni chini ya milioni moja hamhitaji ofisi kubwa kabisa, nendeni Mahakama ya Madai Madogo, inafanya kazi Milimani tangu 2021, unaweza kujisimamia mwenyewe na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Sasa ndugu, kwa shangazi. Hiyo habari ya ndugu za mzee kuzunguka ploti ndio inanipa wasiwasi kuliko kutafuta wakili. Mpeleke kwa chifu wiki hii, kabla wao hawajaenda. Majina ya watoto wote yaingie, hata aliyezaliwa nje, hata yule hawaongei naye. Aandike kwa daftari kila mpangaji na kodi yake na tarehe ambayo mtu yeyote alikuja kuichukua. Asiweke sahihi karatasi yoyote ya familia kwa sasa, hata wakileta na wazee. Ile cheti cha kifo atoe kopi tano na orijino aiweke mahali anapojua yeye peke yake. Halafu akishapata ile barua ya chifu niandikie inboksi unisomee majina yaliyo ndani, picha usiweke hapa mbele ya watu, nitakuambia kama imekamilika kabla hajapanda matatu kuja tauni.