Waseme Walichofanya, na Walimfanyia Nani

Swali lenu la wiki hii linauliza: taifa likionyesha majuto kwa ukatili lililoufanya zamani, wajukuu wa walioteswa wanafaidi nini? Babu yangu alizuiliwa kambi ya Manyani, Kenya, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau. Kwangu mimi faida ipo, ila inategemea ni majuto ya namna gani, na yanatamkwa mbele ya nani.

Babu hakuwahi kutusimulia habari za kambi. Mvua ikinyesha nasi tukajitia gunia kichwani, kama watoto wengi wa Nyeri walivyofanya, alilinyakua na kulitupa mbali, kisha hasemi na mtu mpaka usiku. Shangazi ndiye aliyetufafanulia, babu akiwa ameshazikwa. Wakati wa misako watu walipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, lenye matundu mawili ya macho tu. Akitikisa kichwa, unapandishwa lori. Aliyekuwa ndani ya gunia huenda alikuwa jirani, na vita vilipokwisha mkaendelea kuchota maji mto mmoja na kuketi kanisa moja. Ungeanzia wapi kusimulia? Na serikali yetu wenyewe haikusaidia: Mau Mau ilibaki marufuku kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Waliotesa nao walinyamaza, lakini wao kwa mpango. Machi 1959 mahabusi 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Wakoloni walipofungasha, nyaraka nyingine walizichoma, nyingine wakaondoka nazo. Ilibidi wazee wa Mau Mau wafike mahakamani London ndipo Uingereza ikakiri, mwaka 2011, kwamba ilikuwa imezihifadhi Hanslope Park, kituo cha serikali yake huko Uingereza.

Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema bungeni kwamba Uingereza inasikitika, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini ili uwe mdai ulipaswa kueleza kambi gani, mwaka gani, ulifanywa nini mwilini. Nawafikiria akina mama waliotendewa mambo wasiyoweza kuyatamka wanao wakisikia. Hao hawamo katika hesabu hiyo, na wengi wameshakufa. Kundi jingine la watu zaidi ya 40,000 lilishtaki baadaye. Mwaka 2018 likaambiwa muda umepita mno.

Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alisema kwenye dhifa Ikulu ya Nairobi kwamba vitendo vile havina kisingizio. Radhi hakuomba. Kesho yake Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mbele ya kizazi cha Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani 1906 katika Vita vya Maji Maji. Aliomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la chifu huyo. Kuna watakaosema hayo nayo ni maneno. Mimi naona ni maneno yenye jina la mtu, yaliyosemwa mahali alipouawa, na yenye kazi ambayo wajukuu wanaweza kuiulizia mwakani.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti Februari 1957, na familia yake bado haijaonyeshwa kaburi. Uingereza ianzie hapo, itoe kila karatasi inayohusu maziko yake. Kenya nayo ianze kuchimba, maana Kamiti imekuwa mikononi mwetu tangu 1963.