Noeli, Krismasi, Xmas: maswali yenu ya mwezi wa kumi na mbili

Tangu Adventi ianze meseji zinaingia kwa telefone asubuhi na mangaribi, na nyingi haziulizi bei ya mbuzi wala kitenge, zinauliza jina la sikukuu yenyewe. Imenifurahisha sana. Najibu kutoka hapa Goma.

Noeli na Krismasi ni sikukuu moja ama mbili? Mtoto wangu ametoka kusoma Kampala anasema sisi huku tunakosea. (Mama wa Katindo)

Mama, ni moja, na hakuna penye mnakosea. Huku dini na masomo vilikuja na Kifaransa njo maana tuko na Noeli, wenzetu wa Uganda na Kenya walipokea Krismasi kwa Kiingereza. Krismasi asili yake ni "misa ya Kristo". Noeli inatoka kwa Kilatini natalis, yaani ya kuzaliwa, kwa hiyo moja inataja ibada na ingine inataja kuzaliwa kwenyewe, na mimi napenda hii yetu sababu inakupeleka moja kwa moja kwa mtoto. Hata Tanzania ukiingia parokia ya Wakatoliki utasikia Noeli. Vuka mpaka Gisenyi ni Noheli, nenda Angola ni Natal, na ile Natal ya Afrika Kusini ilipata jina sababu Vasco da Gama alipita pwani ile wakati wa Noeli ya 1497.

Pastere wetu amekataza kuandika Xmas, anasema tumemutoa Yesu tukaweka X. Ni kweli? (Kijana wa Kadutu, Bukavu)

Kwa heshima yote ya pastere, hapana. Hiyo X ni herufi ya Kigiriki, inaitwa khi, njo inaanza jina Khristos, na Wakristo wa zamani walifupisha jina la Bwana hivyo hivyo. Jumapili angalia vizuri kitambaa cha altare ama nguo ya padri, mara nyingi utaona kama P imesimama katikati ya X: ni khi na ro, herufi mbili za kwanza za Kristo. Ila ukimuandikia mama mzee wa kijijini andika Noeli yote, salamu asiyoielewa itamusaidia nini?

Jirani yetu ni Mkimbangisti, anasema Noeli ni tarehe 25 mwezi wa tano. Anatania? (Baba wa Birere)

Hatanii kabisa. Wakimbangisti wanasherehekea tarehe 25 mwezi wa tano, siku alizaliwa Salomon Dialungana Kiangani mwaka 1916, mtoto wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa lao, na wao wanaamini kwake Kristo alirudi. Wakatoliki na Waprotestanti hawakubali hiyo, lakini ukijua sababu yake unaweza kumusalimia jirani siku yake bila kumucheka. Waortodoksi wa Urusi na Ethiopia nao wanafanya tarehe 7 Januari, wao ni mambo ya kalenda ya zamani tu.

Bibi yangu yuko karibu kuzaa, akizaliwa msichana tarehe 25 tumupe jina gani zaidi ya Noella? (Ndosho)

Nathalie, inatoka kwa natalis ile ile. Na mufurahie kwamba munachagua, sababu mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo na mwaka 1974 akaitoa Noeli kwa siku za kongé, tarehe 25 ikawa siku ya kazi kama zingine. Kuna wazee padri aliwabatiza Noël na kwa karatasi za serikali jina halikuwepo. Leo kongé ilirudi na jina linaandikwa, kwa hiyo usichelewe, enda komine mbele siku 90 zipite, baada ya hapo mambo inakuwa nguvu.

Mwisho wa kusema Noeli njema ni lini? Nilisema tarehe 28 batu bakanicheka. (Sake)

Walikosea kukucheka. Kwa Wakatoliki kipindi cha Noeli kinaenda mpaka Ubatizo wa Bwana, Januari, na wewe tarehe 28 ulikuwa bado ndani. "Heri ya Noeli na Bonane" (Bonane ni mwaka mupya) kwa pamoja inafaa kabisa siku zile za katikati, halafu toka tarehe moja anza na Bonane, Noeli ifuate.