Mashine sifuri asilimia, mbona bado nalipa? Maswali yenu wana Mtwara na Lindi

Inboksi imejaa maswali ya mashine, kila mtu sasa hivi anataka kubangua korosho yake mwenyewe na sio kuuza ghafi. Nachukua manne.

Masasi: "Niliambiwa mashine za kubangua ushuru sifuri, wakala wa forodha ananiambia niandae hela. Naibiwa?"

Huibiwi mkuu, ulisikia nusu. Kwenye viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki mitambo mingi na malighafi ni 0%, bidhaa ambazo hazijakamilika 10%, zilizokamilika 25%, na tangu Julai 2022 kuna kundi la 35%. Ila huo ni ushuru wa forodha peke yake. VAT 18% iko palepale labda mashine yako iwe imetajwa kwenye msamaha, halafu kuna ada ya forodha 0.6% ya bei ya mzigo bila nauli, na tozo ya reli nayo. Na VAT haipigwi kwenye hela uliyomtumia Mchina, inapigwa kwenye bei ukijumlisha nauli ya meli na bima. Mashine ya dola 8,000, nauli 1,300, bima 200, tayari 9,500, VAT yake 1,710 na hivyo vidogovidogo bado. Watu wanapiga hesabu kwenye 8,000 halafu wanakwama bandarini storeji ikihesabu siku. Kama umesajiliwa VAT utaidai kwenye ritani, kama hujasajiliwa hiyo ni gharama yako, imeshaenda.

Newala: "Na vipuri je, navyo sifuri?"

Hapa ndo nilipopigwa mimi. Nilileta katoni moja la vipuri, invoisi imeandikwa "vipuri vya mashine" basi, bei moja chini. Ofisa akachana selotepu akaanza kutoa kimoja kimoja mezani: visu vya kubangulia, mfuko wa bolti, mikanda ya mpira, mota. Hata visu vikaenda kwenye msimbo (namba ya forodha ya aina ya bidhaa) wa visu vya mashine, bolti zikaenda kwenye msimbo wa bolti, mkanda kwenye mpira, mota kwenye mota, kila kimoja na kiwango chake, na mimi nimesimama pale na kalkuleta ya simu jasho linanitoka. Mashine za kuandaa matunda, njugu na mboga ziko msimbo 8438.60, vipuri vyake hasa 8438.90, korosho inaingia humo. Mwambie muuzaji aandike kila kitu mstari wake na bei yake. Kama una wasiwasi na msimbo waandikie TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujatuma hela, wanaweza kukupa uamuzi kwa maandishi, hapo hata wakala akikuzingua unayo karatasi.

Mangaka: "Nikinunua upande wa Msumbiji nikavusha Daraja la Umoja si inaingia bure, sisi wote SADC?"

Hapana ndugu yangu. Unafuu wa ushuru wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, unafuata mahali kitu kilipotengenezwa, sio duka ulikonunulia. Mashine ya China ikikaa Msumbiji hata miaka miwili inabaki ya China, bila cheti cha uasilia, yaani karatasi ya kuthibitisha kitu kimetengenezwa wapi, utatozwa kama umeitoa China moja kwa moja. Na ukipita njia ya panya ikakamatwa, mashine unaisahau.

Lindi: "Muuzaji anasema ataniandikia invoisi nusu bei, nikubali?"

Usikubali jamani! Kwanza forodha halazimiki kuiamini invoisi yako, wana bei za mizigo inayofanana. Pili sheria ya forodha ya Afrika Mashariki kwa nyaraka za uongo inasema hadi miaka 3 jela au faini hadi dola 10,000, na nyaraka unatakiwa uzitunze miaka 5, kwa hiyo hata mzigo ukipita leo wanaweza kukufuata baadaye dukani. Huyo muuzaji atakuwa Guangzhou anakula tambi zake. Badala ya punguzo la uongo mwambie akushughulikie cheti cha ubora cha TBS (shirika la viwango) hukohuko kabla mzigo haujapanda meli, hicho wengi wanakikumbuka kontena likiwa limeshashuka.