Barua kwa mwanangu: hiyo Bhairav yako

Mwanangu kipenzi,

Voisi noti yako nimeipata, na ule muziki nimeusikiliza, kwanza kwa simu halafu mamako akanitolea zile hedifoni zako za zamani. Umeniuliza kama una haki ya kutia raga Bhairav, mmoja wa mitindo ya noti ya muziki wa asili wa Kihindi, kwenye kwarteti ya fidla na sintesaiza, hicho kinanda chako cha umeme, wakati we si Mhindi, maana mwenzako wa chuo huko London kakwambia uwaachie wenyewe. Sasa mimi nakuuliza, wenyewe ni kina nani?

Unaijua ile harmoniamu ya mjomba wako, kile kinanda cha mvukuto. Harusi moja Kibokoni, we hujazaliwa, alikuwa akipiga nyimbo za Kihindi alizozitilia maneno ya Kiswahili, vile Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, alivyotuzoesha Mombasa nzima, watu wanatunza, mara akasimama mtu mzima mmoja akasema kwa sauti, hayo ya Wahindi yatosha, tupigieni muziki wetu. Mjomba akafunga harmoniamu, biriani hakugusa, akaenda zake. Mpaka leo inaniuma. Muziki wetu! Udi wa Waarabu, fidla ya Wazungu, tashkota ya nyuzi asili yake Japani, na harmoniamu yenyewe ilitoka Ulaya ikapita India ndo ikatufikia sisi. Tena huko India redio ya taifa iliipiga marufuku kuanzia 1940 mpaka mwanzo wa miaka ya 70, moja ya sababu ni kwamba sauti zake zimefungwa kila moja mahali pake, haziwezi kuteleza kutoka noti hii kwenda ile. Na hapo lazima nikubali, hoja walikuwa nayo.

Ndo maana nasema kila siku, sikio kwanza, mashine baadaye. Talvin Singh wa huko huko London alijifunza tabla, zile ngoma za Kihindi, India kabla ya kutoa albamu yake ya mashine, OK, mwaka 1998. Charanjit Singh alishapiga nyimbo za filamu Bombay miaka na miaka ndo akazitia raga kumi kwenye sintesaiza na mdundo wa disko, 1982, na wakati ule watu hawakumjali. Lakini ngoja, hapa najipinga mwenyewe, maana sintesaiza yako inaweza kuteleza vile harmoniamu ya mjomba haikuweza kamwe, kwa hiyo pengine mashine ndo itakusogeza karibu na raga kuliko sisi na mikono yetu. Sijui, bado nalifikiria hilo.

Halafu Bhairav desturi yake ni kupigwa alfajiri, nanyi mtaipiga ukumbini saa mbili usiku, hilo nilitaka kukukatalia kabisa, ila harusi zetu zote zilikuwa za usiku na hakuna aliyeuliza saa.

Sasa sikiza. Pale fidla ya pili inapoigusa Re, noti ya pili ya raga, na kuitikisa taratibu, mwili ulinisisimka. Inaingia sintesaiza, Re imenyooka tu, na Bhairav isiyotikisika Re na Dha, yaani noti ya pili na ya sita, bado haijawa Bhairav. Hiyo Re iimbe kwa mdomo, mamangu, asubuhi kwa asubuhi, mpaka ikukae kooni, ndo ushike mashine.

Kama ni nzuri au la, jibu ninalo mdomoni na natamani kulisema leo hii, ila mamako kanikataza mpaka uimalize. Haya, nitumie ukishairekebisha, kabla hujawapa wapigaji, usiningojeshe mpaka siku ya shoo.

Babako